Kijito Nyuma ya Kinu

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeinamia mashine ya kusagia lenzi, na kwa muda sikujua kama sauti ile ni ya maji ya mashine au ya bati. Nikazima mashine. Sauti ikaendelea.

Naandika kwenye daftari la oda ambalo kurasa zake zilipigwa chapa vibaya, dukani hawalitaki tena. Safu ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto naziandikia juu kwa juu. Mama ameuliza naandika nini, nikamwambia mambo ya kazi. Ningesema ni habari za katuni angecheka mpaka Ijumaa.

Leo Mzee Dira alikuja dukani. Hilo si jina lake. Alikuwa mchora ramani wa serikali miaka thelathini na miwili, na sisi mashabiki tunaokutana Jumamosi kwa Kinyozi ndio tuliompa jina hilo. Alikuwa ameloa chapachapa, lakini toleo jipya la jarida la katuni, *Fisimaji Tarishi*, lilikuwa kavu kabisa ndani ya mfuko wa nailoni, amelikumbatia kifuani. Akavua miwani niliyomkatia mwezi Desemba, akaiweka mezani.

"Binti, hii imekufa."

"Haijafa, Mzee. Nimeikata kwa mkono wangu."

"Basi nimekufa mimi."

Daktari wetu akaingia naye chumba cha giza, wakakaa sana. Mzee alitoka anatabasamu kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Anasema anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hakuna lenzi ninayoweza kumkatia.

Mlangoni akanigeukia. "Wewe macho yako mazima?"

"Mazima, Mzee."

"Basi Jumatano ijayo ukitoka kazini pitia kwangu, unisomee."

Jumamosi, 15 Machi

Kwa Kinyozi. Tulikuwa wanne kama kawaida, ukimtoa mteja mwenye povu nusu ya uso, ambaye hakuomba kushirikishwa ila alishirikishwa.

Akitokea mtu kuliokota daftari hili, ajue kwamba *Fisimaji Tarishi* hutoka kila Jumatano, kurasa kumi na sita, mwaka wa ishirini na tisa huu. Fisimaji anapeleka barua katika mji wa wanyama. Nyegere anamvizia ampore mkoba. Ngiri ana kinu cha kusagia nafaka na mdomo mchafu. Bi Kware anakaa dirishani akingoja barua ambayo haijawahi kufika. Basi, hayo tu. Nilianza kusoma nikiwa na miaka saba, sasa nina thelathini na sita, na Bi Kware bado yuko dirishani.

Mada ya leo: je, Fisimaji anajua kusoma?

"Hajui," Kinyozi alisema, mkasi juu. "Ananusa bahasha. Toleo la themanini na nane, ukurasa wa tano, pua yake iko wapi? Kwenye stempu!"

"Alikuwa na mafua," Mwalimu akamjibu. Anafundisha hesabu, na huja na rula kwenye mkoba. "Toleo la mia nne na kumi na mbili amevaa miwani."

"Miwani ndiyo kusoma? Muulize Binti Miwani hapa, wangapi wanavaa urembo!"

Mzee Dira aliwaacha wapigane mpaka wakachoka, kisha akasema asiyejua kusoma angefuata njia ndefu inayopita kila mlango. Fisimaji anakata katikati. Anajua anakokwenda kabla ya kufika. Hapo mjadala ukaisha, maana Mzee ndiye mwenye ramani ya mji wa Fisimaji.

Tulilalamika pia, kama kila wiki, juu ya mchoraji mpya. Wa zamani alistaafu mwaka juzi. Huyu hachori mandhari. Anachora vichwa na miguu, na nyuma anamwaga rangi tupu. Mwalimu amempa nne kwa kumi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mama amehamisha kitanda chake kwa sababu ya tone moja.

Jumatano, 19 Machi

Kwa mara ya kwanza nimeiona ramani kwa macho yangu. Nilidhani ni karatasi. Ni ukuta mzima. Karatasi tisa zimeunganishwa, kila mtaa wa mji wa Fisimaji umo, kila paa, kila kona, vyote vimetolewa kwenye visanduku vya katuni kwa miaka ishirini na sita. Pembeni ya kila kitu kuna namba ndogo ya toleo alimokiona. Bomba la moshi la kinu: 61. Pipa la takataka mbele ya posta: 303, limehamishwa 719.

Sasa hawezi tena kufuata ncha ya penseli. Amepiga misumari midogo kwenye mistari ya ramani, na kila jambo jipya analiweka kwa uzi na gundi: mwekundu kwa njia, wa buluu kwa maji, na pini yenye kichwa kwa nyumba. Vidole vyake vinatembea ukutani kama vya mtu anayempapasa farasi.

Nikaketi, nikafungua toleo la 1,492. Nikamsomea viputo vya maneno. Akawa ananisikiliza kwa heshima tu, kama mtu anayengoja hotuba iishe.

"Hayo maneno nitayasikia Jumamosi," akasema. "Fisimaji amesimama wapi?"

"Karibu na kinu."

"Nyuma yake kuna nini?"

Nikatazama. Njano. "Hakuna kitu, Mzee."

"Kisanduku kinachofuata?"

Kijani. Kilichofuata, nyekundu. Nikamwambia hivyo hivyo, hakuna, hakuna. Alikuwa ameshika uzi wa buluu katikati ya vidole viwili, na kila nilipojibu mkono ulishuka kidogo, mpaka ukalala mapajani.

"Basi wamenifungia mlango," akasema. Hakusema kwa kunung'unika. Alisema kama unavyosema kumeanza kuwa baridi.

Mvua ilikuwa inapiga dirishani. Nikafunua ukurasa wa sita. Ngiri anafoka mbele ya kinu, nyuma yake zambarau. Na mimi nikasema, "Subiri. Hapa kuna kijito."

Mkono ukapanda. "Kijito! Nyuma ya kinu?"

"Ndiyo. Chembamba. Kinapinda kushoto."

"Nilijua!" Akainuka bila fimbo. "Kinu miaka ishirini na tisa kinasaga bila maji? Nilijua tu!"

Akakiweka palepale, shubiri moja ya uzi wa buluu. Nilimshikia gundi. Nimerudi nyumbani natembea katikati ya mvua kama mtu aliyepewa zawadi, wakati ukweli ni kwamba nimesema uongo.

Jumamosi, 22 Machi

Kwa Kinyozi hawakuzungumzia kinu. Nimeshukuru.

Jumatano, 26 Machi

Toleo la 1,493. Nilijiambia nitasoma kilichopo tu. Akaniuliza kijito kinavukwaje. Nikampa daraja la mawe matatu, la katikati limelegea kidogo. Akacheka kwa furaha, akasema Nyegere lazima ataanguka hapo siku moja.

Nikiwa nasema, nililiona. Sikulitunga. Nililiona lile jiwe, lina ukoga kwenye ubavu mmoja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekata lenzi ya kulia nikaiweka kushoto. Bosi amenitazama tu.

Jumatano, 2 Aprili

Toleo la 1,494. Ngazi kumi na moja kutoka mtaa wa posta mpaka kijitoni. Ya nne imemegeka. Kwenye jarida lenyewe kulikuwa na rangi ya chungwa na sikio la Fisimaji.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Naenda kazini kumbe siendi kazini, natembea mji ule. Maji ya mashine yakimwagika juu ya lenzi nasikia kijito. Dirishani pa duka watu wanapita na miamvuli na nawaona kama wanyama wazuri wenye haraka: karani wa mahakama ni korongo, muuza magazeti ni ngiri mtupu. Kwa Kinyozi walibishana saa nzima kuhusu mkia wa Nyegere na sikutia neno.

"Binti Miwani ana mpenzi," Kinyozi akasema.

Mzee Dira akatabasamu kuelekea nilikokaa. Kumbe kuna furaha ya kuwa na siri na mtu hata kama mtu huyo hajui kuwa ni siri.

Jumatano, 9 Aprili

Toleo la 1,495. Leo nimevuka mipaka. Nimempa Bi Kware bustani nyuma ya nyumba, inashuka mpaka kijitoni, na ndani yake benchi. Mzee akauliza benchi la ukubwa gani.

"La watu wawili."

Akaigeuzageuza pini mkononi. Mkewe alifariki kabla sijajiunga na kikundi. Picha yake iko juu ya redio, amekunja mikono. "La watu wawili," akarudia, akaichoma pini taratibu. "Miaka yote hii nilikuwa namwona yuko dirishani tu. Kumbe alikuwa na pa kukaa."

Mbele ya mlango wa nyumba ya Bi Kware kulikuwa na mkeka wa kufutia miguu, huo umechorwa kweli. Nikamwambia pia. Aliuweka bila kusema kitu. Kitu cha kweli kilikuwa hafifu kuliko changu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Mada ilikuwa toleo la wiki hii: Nyegere amefikaje posta kabla ya Fisimaji, hali wameondoka pamoja kinuni, na Nyegere ana miguu mifupi? Mwalimu alikuwa amepima kwa rula. Akasema haiwezekani, mchoraji amekosea.

"Hajakosea," Mzee Dira akasema, amejiegemeza kwenye kiti cha kuzunguka. "Fisimaji alifuata barabara. Nyegere alivuka kijito."

"Kijito kipi?" Kinyozi akauliza.

"Cha nyuma ya kinu. Akapita mawe matatu, akapanda zile ngazi kumi na moja, huyo posta."

Kinyozi akacheka, akidhani ni mzaha. Mwalimu hakucheka. Akatoa matoleo kwenye mkoba, akayapanga juu ya kaunta kati ya machanuo, akayafunua moja moja.

"Mzee wangu, hakuna kijito."

"Kipo. 1,492, ukurasa wa sita."

"Ninao mbele yangu. Ni rangi ya zambarau."

"Tazama vizuri."

"Natazama, Mzee."

Akageuza uso huku na huku akitafuta sauti yangu. "Binti, waambie."

Nilikuwa nimesimama karibu na beseni. Mteja alikuwa ananitazama kupitia kwenye kioo, Kinyozi ananitazama kupitia kwenye kioo, hata mimi nilikuwa najitazama. Na nikasema, Mungu anisamehe, nikasema, "Labda tumechanganya matoleo, Mzee."

*Tumechanganya*. Kama vile tulikuwa wawili.

Hakubisha tena. Alishika mikono ya kiti, akawa mdogo. Kinyozi akawasha redio. Baada ya muda Mzee akaomba apewe fimbo yake, akakataa kusindikizwa.

Mwalimu alinivuta nje chini ya kibaraza. "Umeona? Akili imeanza kumtoka. Anaona vitu. Na anaishi peke yake, na jiko la gesi mle ndani."

"Si akili," nikasema.

"Ni nini basi?"

Mvua ilikuwa kali, nikajifanya sikumsikia.

Jumapili, 13 Aprili

Sikutoka chumbani.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu amempigia simu mtoto wa Mzee, fundi umeme, anakaa mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Anakuja Jumamosi kumchukua babake kwenda kuishi naye. Mwalimu alilia akiniambia. Nilikuwa namwona ni mtu wa rula tu. Leo amelia mbele ya kaunta ya fremu mpaka nikampa kitambaa cha kufutia lenzi. "Akitolewa kwenye nyumba ile moyo wake utazimika kabisa," alisema. "Lakini bora hivyo kuliko tumkute ameungua."

Sikusema. Alikuwa mbele yangu kabisa na sikusema.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda kumsomea Mzee. Nilimtumia salamu kwamba nina homa. Nikalala mchana kweupe nikiwa na nguo za kazi.

Mama akaja kuketi miguuni pangu. Nikamwambia yote. Nilitegemea acheke, mwanamke mzima na vikatuni. Hakucheka.

"Ulikuwa unamdanganya umfurahishe yeye au ujifurahishe wewe?"

"Mwanzo yeye."

"Halafu?"

Nikageukia ukutani.

"Basi nenda ukalisema hilo la *halafu*," Mama akasema. "Hilo la mwanzo kila mtu atakusamehe." Akainuka kwenda kuhamisha ndoo chini ya tone.

Jumamosi, 19 Aprili

Niliwakuta wameanza kufunga mizigo. Mtoto wake ni mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya nyaya, anakunja mashati ya babake polepole mno, kola juu ya kola. Mzee amekaa kwenye kiti kimoja katikati ya chumba, mgongo kwa ramani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Homa imepoa?"

"Sikuwa na homa." Sikuketi. Nilijua nikiketi sitasema. "Mzee, akili yako haina kasoro. Kijito nimekitunga mimi."

Mtoto wake akaacha kukunja.

"Mchoraji hachori kitu nyuma. Ni rangi tu, kama nilivyokwambia mwanzo. Nilikuona umeshusha mkono, nikakutungia kijito. Hiyo ni mara ya kwanza. Zile nyingine nilitunga kwa sababu nilikuwa napenda. Nilikuwa naishi mle. Na Jumamosi iliyopita nilikuacha peke yako mbele ya watu."

Mvua ilikuwa imepungua, matone yanahesabika. Mzee aligeuza uso upande wangu.

"Daraja?"

"Mimi."

"Ngazi?"

"Mimi."

"Mkeka mlangoni kwa Bi Kware?"

"Huo upo. Huo ni wa kweli, Mzee, naapa."

"Unaapa." Aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kiganja juu ya karatasi ya tano kana kwamba ni paji la uso la mgonjwa. "Miaka ishirini na sita, kila kitu hapa kina namba. Mtu akinibishia nampa namba, anaenda kutazama. Sasa nitajuaje? Macho sina. Macho yangu yalikuwa wewe. Sasa nikigusa hapa, nitajuaje?"

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Mtoto wake akanitazama, akamtazama babake, na nikaona kitu kinageuka polepole usoni kwake.

"Kwa hiyo Baba hajachanganyikiwa," akasema.

"Hapana."

"Nimempigia mke wangu tumwandalie chumba. Nimeomba likizo. Baba, nilikuwa nakuja kukuchukua kama..." Alikalia kitanda juu ya mashati aliyokuwa ameyakunja vizuri.

Nikasema ninalo daftari nilimoandika kila nilichotunga, na tarehe yake.

"Lilete," Mzee akasema.

Jumapili, 20 Aprili

Nimewasomea daftari hili. Lote, maana Mzee alikataa nichague. Nimewasomea hata lile la Bosi kunitazama, na la Kinyozi kusema nina mpenzi, na la kufurahia siri. Nilikuwa naungua masikio. Mtoto wake alisimama ukutani na kibano cha kazi, na kila nilipotaja kitu alikitafuta.

Kijito kilitoka chote kwa mvuto mmoja. Gundi iliacha alama inayong'aa kama njia ya konokono. Daraja. Ngazi, nyuzi kumi na moja fupi, moja baada ya moja.

Tulipofika kwenye benchi mtoto wake alisita. "Baba, hii si iachwe? Ni pini moja tu. Haimdhuru mtu."

Mzee alinyoosha mkono, akaishika ile pini kwa ncha za vidole. Alikaa nayo.

"Toa," akasema.

"Baba..."

"Ningependa liwepo. Ndiyo sababu ulitoe."

Ilitoka kwa sauti ndogo, tik. Aliniambia asante kwa daftari, na kwamba Jumatano nisije.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda. Toleo la 1,497. Nyuma ya Fisimaji, kijivu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Kinyozi peke yangu kuwaeleza. Mwalimu hakunisemesha mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Nilimwita mtu mwendawazimu kwa sababu yako," akapangusa rula yake isiyo na vumbi. Kinyozi alinipa kiti, lakini hakukizungusha kama anavyofanya siku zote.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua kwa saa moja. Barabara nzima imefuka mvuke.

Jumatano, 30 Aprili

Nilipita nje ya nyumba ya Mzee nikirudi kazini. Sikukusudia, miguu ndiyo iliyokusudia. Dirisha lilikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, na nikasikia sauti nzito ya mtoto wake ikisoma kama anayesoma maelekezo ya kufunga mita.

"Ni fisimaji. Amesimama."

"Amesimama vipi?"

"Amesimama tu, Baba."

"Hakuna kusimama tu. Mabega yako wapi?"

Ukurasa ukafunuliwa. "Yameshuka. Kama wewe ulivyokuwa ukitoka ofisini, unasimama pale nje kabla ya kuingia. Nilikuwa nakuona dirishani. Nilikuwa najua hapo utaingia uende moja kwa moja kwenye ramani."

Mimi nimeganda kando ya ukuta, mfuko wa kitunguu mkononi.

"Ulikuwa unaniona?" Mzee akasema.

"Kila siku."

"Mbona hukuniita?"

"Ungesema subiri."

Nilisikia kiti kinavutwa, kikisogezwa karibu na kingine. Nikaondoka kwa vidole vya miguu. Nilipofika kona ndipo nikagundua nalia, na si kwa uchungu peke yake.

Alhamisi, 8 Mei

Mama amerudisha kitanda chake mahali pake. Anasema msimu umekwisha.

Jumamosi, 10 Mei

Mtoto wake amepita dukani kuniaga. Anarudi kwake, peke yake. Amemfungia babake jiko la umeme linalojizima lenyewe, na kengele kwa jirani. Kila Jumatano atanunua jarida lake kule na kumsomea kwa simu. "Nimeuliza kama anataka kuhama. Amesema atakuja mwezi wa nane, mwezi mzima, kama mgeni." Akajaribu fremu moja, akajitazama kwenye kioo. "Nilikuwa nalichukia lile jarida. Sikuwahi kulifungua."

"Na sasa?"

"Nyegere anaonewa," akasema kwa uchungu kabisa. Huyo naye tumempata.

Jumatano, 14 Mei

Toleo la 1,500. Nimelisoma nimesimama, kwenye foleni ya maji ya kunywa. Fisimaji ametoka nje ya mji. Miaka ishirini na tisa hajawahi. Amepewa barua isiyo na mtaa, akapita kinu, akapita nyumba ya mwisho, akaendelea kutembea.

Jumamosi, 17 Mei

Mlango wa Kinyozi ulikuwa umefunguliwa wote, jua limeingia mpaka kwenye beseni. Mzee Dira alikuwepo. Nilisimama kizingitini sijui niingie au nirudi.

"Ni nani amesimama hapo ananizibia joto?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapa karibu. Na ufunge mdomo mpaka uulizwe."

Nikakaa. Nilifunga mdomo. Walikuwa wanabishana Fisimaji amefika wapi. Kinyozi ana hakika ni baharini, fisimaji ni mnyama wa maji, damu imemwita. Mwalimu anasema ni mji mwingine, na kwa mwendo wa visanduku vinne hauwezi kuwa mbali. Mteja wa leo, mwenye kichwa nusu, alisema huenda amekufa na pale ni mbinguni, na wote wakamgeukia kwa hasira, Kinyozi na wembe mkononi.

"Ukurasa wa mwisho," Mzee akasema. "Mwalimu ameniambia hakuna kitu. Mwanangu ameniambia kuna ukungu. Binti, wewe una jicho la kazi. Tazama."

Nilitoa kioo changu cha kukuzia mfukoni, kile cha kukagulia mikwaruzo ya lenzi, nikaliinamia jarida kwenye mwanga. Nilitazama muda mrefu. Fisimaji amegeuka mgongo, mkoba begani, mguu mmoja umeinuka. Mbele yake weupe. Na kwenye weupe ule, Mungu anajua, nilianza kuona: kilima, na moshi mwembamba, na mtu amesimama mlangoni. Nikangoja mpaka vikaondoka.

"Ni weupe, Mzee."

"Weupe wa ukungu au wa karatasi?"

"Ukungu ungekuwa na wino. Nukta ndogo ndogo za kijivu. Hapa hakuna nukta hata moja. Ni karatasi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akamwomba Kinyozi kalamu nene na karatasi kubwa, ile ya kufungia taulo, akaitandaza kwenye mapaja, akainyoosha pembe zote nne kwa kiganja.

"Zamani kazini," akasema, "wapimaji walipokuwa hawajafika mahali, hatukuwa tunabuni milima. Tuliacha peupe, tukaandika neno moja. Wakubwa hawakupenda, walitaka ramani ijae. Lakini nimeona watu wakiitazama sehemu ile kuliko zote." Akaninyooshea kalamu. "Hii ni karatasi ya kumi. Andika katikati, herufi kubwa: HAIJAPIMWA. Na chini yake namba ya toleo."

Nikaandika. Akapitisha kidole juu ya wino ambao haujakauka, ukamchafua, akauliza kama nimenyoosha mstari. Nilimwambia umepinda kidogo kulia. Akasema basi, uache hivyo hivyo.